Oili ya Shokapu za Mbele katika Pikipiki za Vyama



Miongoni mwa mali za chama, pikipiki ndiyo hukaguliwa kwa haraka kuliko zote. Mkaguzi hutazama kadi yake, bima, daftari la safari na hati za petroli. Akiona tairi zina meno na taa inawaka, huendelea na safari yake ya kwenda kwenye mizani na stoo. Hata hivyo katika hati za malipo za vyama vingi umo mstari mmoja unaojirudia mwaka hata mwaka, nao huandikwa "oili ya pikipiki", bila kueleza ni oili ya sehemu gani, ya kipimo gani, wala kiasi gani kilitumika. Oili ya injini walau dereva hujua kuiulizia. Ile iliyomo ndani ya miguu miwili ya mbele haiulizwi na mtu yeyote mpaka ianze kuvuja, na siku hiyo fundi humimina chochote alicho nacho katika kopo.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Juu ya miguu hiyo miwili hukaa katibu mwenyewe, au afisa ugani, akiwa na vitabu vya chama mgongoni, katika barabara ambayo wengi wenu mnaijua kuliko mimi. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kuliko ya nyuma, na breki hiyo haiwezi kufanya kazi yake iwapo gurudumu halikanyagi ardhi sawasawa. Kinacholishikilia gurudumu chini ni springi ikisaidiwa na oili. Kwa hiyo yafaa tujue oili hiyo ni kitu gani, na huchaguliwaje.

Kazi ya springi na kazi ya oili

Kila mguu wa mbele una mabomba mawili yanayoingiana. La juu ni la chuma kilichong'arishwa. La chini, ambalo aghalabu ni la aluminiamu, ndilo linaloshika ekseli ya gurudumu. Ndani yake mna springi ndefu, oili, na kijiti chenye uwazi katikati kilichotobolewa vitundu vidogo. Gurudumu likipanda jiwe, bomba la chini husukumwa juu, springi hubanwa, na oili hulazimika kupenya katika vitundu. Gurudumu likisha kuvuka jiwe, springi hujinyoosha, na oili hulazimika kurudi kwa kupitia vitundu vingine vilivyo vyembamba zaidi, ili springi isijitupe kwa kishindo. Utaratibu huu si mpya. Kampuni ya BMW ya Ujerumani iliuweka katika pikipiki zake za kuuzwa mwaka 1935, na shokapu za pikipiki ndogo tunazotumia leo zimejengwa juu ya wazo lile lile.

Hapa pana jambo ambalo ningependa kila katibu alishike, kwa kuwa makosa mengi hutokana na kutolijua. Springi ndiyo hubeba uzito. Oili haibebi kitu. Kazi yake ni kutawala mwendo wa springi, iende polepole na irudi polepole. Chukueni pikipiki iliyotiwa oili nzito mno, kisha mtu akae juu yake na kutulia. Itashuka taratibu, lakini itashuka mpaka pale pale ambapo ingeshuka kama ingekuwa na oili nyepesi. Tofauti ni muda tu.

Ikiwa mambo ndivyo yalivyo, basi ile desturi ya kumwambia fundi "tia oili nzito, pikipiki yetu hubeba mizigo" haina msingi. Tena ina kosa la pili ndani yake. Mzigo wa pikipiki zetu hukaa nyuma, juu ya keria. Gunia likikaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, huikandamiza nyuma na kuinyanyua mbele, sawa na mtoto aliyekaa ncha moja ya mbembea ya ubao. Mbele huwa pepesi zaidi kuliko pale dereva anapokuwa peke yake. Kuifanya shokapu ya mbele kuwa ngumu wakati ambapo uzito wake umepunguzwa ni kulifanya gurudumu liruke-ruke badala ya kukanyaga, na usukani hulegea mikononi mwa dereva hasa katika kona na katika mchanga. Mwenye mizigo mizito na ashughulikie shokapu za nyuma, ambazo nyingi zina duara lenye ngazi la kukazia springi. Na aifunge mizigo karibu na kiti iwezekanavyo.

Ikiwa mbele yenyewe imekuwa ikilala mno, hata bila mzigo, dawa yake ni springi. Springi huchoka baada ya miaka, hufupika, na kitabu cha pikipiki aghalabu hutaja urefu wa chini kabisa unaokubalika. Fundi aitoe aipime kwa futi ya chuma. Ikiwa imepungua kupita kiwango hicho, inunuliwe mpya, na zinunuliwe mbili kwa pamoja.

Barabara ya vijituta

Oili nzito mno ina hasara nyingine ambayo haionekani karakana, bali huonekana njiani. Ninyi nyote mmepita katika barabara za changarawe ambazo magari yamezifanya kuwa na vijituta vya mfululizo kama bati la nyumba. Tuseme kati ya kijituta kimoja na kingine pana nusu mita. Pikipiki inayokwenda kilomita 36 kwa saa hukata mita 10 kwa nukta moja. Kwa hiyo hukutana na vijituta 20 kila nukta. Kila kimoja huibana springi, na kabla ya kufika kinachofuata springi inatakiwa iwe imejinyoosha. Oili ikiwa nzito, haipiti vitunduni upesi. Springi hujinyoosha nusu, ikabanwa tena, ikajinyoosha kidogo zaidi, ikabanwa tena, hata baada ya mita chache mguu mzima umefupika na hauna nafasi ya kwenda. Dereva husikia mikono ikifa ganzi naye husema kuwa shokapu "imekuwa ngumu". Kwa hakika imekwama chini. Likitokea shimo wakati huo, hakuna kitu cha kulipokea pigo ila mabomba yenyewe na viganja vyake.

Kuna na hili: katika shokapu za vitundu visivyobadilika, ukinzani wa oili hauongezeki sawa na mwendo. Mwendo wa oili ukiongezeka maradufu, ukinzani hukaribia kuongezeka mara nne. Ndiyo sababu shokapu ambayo fundi ameibonyeza kwa mikono uani akaisifu kuwa imetulia yaweza kuwa gogo inapogonga jiwe kwa kasi.

Oili nyepesi mno nayo ina balaa zake. Mbele huchomoka na kurudi mara tatu au nne baada ya kila tuta. Dereva akishika breki, pua ya pikipiki huzama mpaka mwisho, na chuma hugonga chuma. Pikipiki ya namna hii huchosha na kumtisha dereva, lakini angalau hujitangaza. Ile ya oili nzito hudhaniwa kuwa imara, na hapo ndipo hatari yake ilipo.

Namba zilizoandikwa juu ya chupa

Oili ya shokapu huuzwa ikiwa na namba kama 5W, 10W, 15W au 20W. Namba ikiwa kubwa, oili ni nzito zaidi, yaani mnato wake ni mkubwa. Mpaka hapo hapana ugumu. Ugumu huanza mtu anapodhani kuwa 10W ya kiwanda kimoja ni sawa na 10W ya kiwanda kingine.

Namba hizo ziliazimwa kutoka katika kanuni za oili ya injini zilizotungwa na chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, kiitwacho SAE, na herufi W humaanisha majira ya baridi. Kwa oili ya injini, 10W hupimwa katika baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri, kipimo ambacho hakina maana kubwa kwa shokapu ya Nachingwea. Kwa oili ya shokapu hakuna kanuni moja inayowabana watengenezaji wote, na kila kiwanda hujipimia. Matokeo yake ni kwamba 10W ya mmoja yaweza kuwa nzito kuliko 15W ya mwingine. Chama kilichozoea oili ya kiwanda fulani, kikabadili kiwanda na kubakiza namba ile ile, kinaweza kujikuta na pikipiki ya tabia nyingine kabisa, na fundi akalaumiwa bure.

Kipimo cha kuaminika ni mnato katika joto la nyuzi 40, ambao huhesabiwa kwa sentistoki na kuandikwa cSt nyuma ya chupa au katika karatasi ya maelezo ya kiwanda. Chupa nyingine huonyesha alama ya kimataifa, ISO VG, ikifuatwa na namba. Hiyo ndiyo bora kwetu, kwa maana namba yenyewe ndiyo sentistoki katika nyuzi 40, na hairuhusiwi kupotoka zaidi ya asilimia 10 juu au chini. VG 15 hukaribia ile inayoitwa 5W. VG 32 hukaribia 10W. VG 46 hukaribia 15W.

Kitabu cha pikipiki ndicho mwamuzi wa kwanza. Chama ambacho kitabu chake kimepotea kimuombe wakala aliyeiuza pikipiki nakala ya ukurasa unaohusika, ama kiangalie chama jirani chenye pikipiki ya aina ile ile. Ikishindikana kabisa, pikipiki nyingi ndogo za kazi zimeundwa kwa oili iliyo kati ya VG 32 na VG 46. Mtu aanze na ile nyepesi, aijaribu njiani kwa wiki mbili, ndipo aamue.

Hali ya hewa nayo ina neno. Oili huwa nzito ikipoa. Oili ya kawaida yenye sentistoki 46 katika nyuzi 40 hupita maradufu ya mnato huo ikiwa katika nyuzi 20, na asubuhi ya mwezi Julai kule Njombe au Makete hakuna hata nyuzi 20. Dereva wa nyanda za juu asishangae shokapu ikiwa nzito kwa kilomita za kwanza. Pale ambapo kitabu kinaruhusu vipimo viwili, chama cha kahawa au chai cha milimani kichukue kile chepesi, na chama cha korosho cha pwani kichukue kizito. Tofauti ya kiwango kimoja yatosha.

Oili mbadala

Sasa tuje kwenye kopo la fundi. Oili inayotumika zaidi mahali pa oili ya shokapu ni ya injini, aghalabu 20W-50, kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani. Katika nyuzi 40 oili hiyo ina mnato wa sentistoki 150 hivi au zaidi, yaani hukaribia mara tano ya VG 32. Wala namba 20 iliyo mbele isimdanganye mtu kwamba ni ndugu wa 20W ya shokapu. Tena oili ya injini imechanganywa na dawa za kusafishia masizi, ambazo hazihitajiki katika shokapu, ilhali shokapu huhitaji oili isiyofanya povu inaposukwa-sukwa. Povu ni hewa, na hewa hupita vitunduni bila ukinzani wowote. Oili chakavu iliyomwagwa kutoka injini ni mbaya zaidi, maana imebeba vumbi la chuma ambalo husaga sili na kukwaruza bomba.

Mafundi wa zamani walikuwa na desturi ya kutia oili nyekundu ya giaboksi za otomatiki, na wengine hadi leo hucheka nayo. Isichekwe. Baadhi ya vitabu vya Honda vya miaka ya 1970 na 1980 viliagiza oili hiyo hiyo kwa shokapu za mbele. Mnato wa aina zake za kawaida ni sentistoki 35 hivi katika nyuzi 40, hufanana na 10W, na haifanyi povu kwa urahisi. Chama kilicho mbali na mji kikikosa oili ya shokapu, na kitabu kikitaka 10W, hiyo inafaa. Vivyo hivyo oili safi ya haidroliki yenye alama VG 32 au VG 46 yaweza kutumika kwa dharura, ingawa aina nyingi za bei nafuu hubadilika mnato kwa joto zaidi ya oili ya shokapu iliyo bora. Lakini iwe imetoka katika chombo kilichofungwa. Si ile ya kwenye dumu la trekta lililokaa wazi msimu mzima.

Mafuta ya breki yasitiwe kamwe. Hayakuundwa kulainisha vyuma vya shokapu, huharibu rangi, na huzivimbisha sili ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake.

Oili mbili za kiwanda kimoja na namna moja zaweza kuchanganywa ili kupata kipimo cha katikati, kama vile 10W na 15W nusu kwa nusu. Za viwanda mbalimbali zisichanganywe, kwa sababu hapana ajuaye kitakachotokea.

Kiasi kina uzito sawa na aina

Fundi aweza kuchagua oili sahihi akaiharibu kazi kwa kukosea kiasi. Juu ya oili, ndani ya mguu, mna hewa, na hewa hiyo nayo hubanwa kama springi ya pili. Oili ikizidi, nafasi ya hewa hupungua, shinikizo hupanda, shokapu hugoma kabla ya kufika mwisho, na hatimaye sili hupasuka. Oili ikipungua, vitundu hunyonya hewa, povu hutokea, na shokapu hugonga chini.

Vitabu hutaja kiasi kwa namna mbili. Vingine husema mililita kwa kila mguu. Hapo fundi atofautishe kiasi cha mguu uliofunguliwa na kukaushwa na kile cha mguu uliomwagwa oili tu, kwa sababu katika huu wa pili oili kidogo hubaki ndani. Vingine hutaja kina, yaani umbali kwa milimita kutoka mdomo wa bomba hadi uso wa oili. Kina hupimwa springi ikiwa imetolewa na mguu umebanwa mpaka mwisho, na namna hii ndiyo sahihi zaidi, kwa kuwa haijali oili iliyobaki. Miguu yote miwili iwe sawasawa. Chombo cha kupimia ni chupa ya dawa yenye mistari au bomba la sindano kubwa la mifugo lililooshwa na kukaushwa. Kizibo cha chupa si kipimo.

Wakati wa kazi, gurudumu la mbele linyanyuliwe kwa gogo imara chini ya injini kabla ya kufungua vifuniko vya juu. Pikipiki ikiachwa juu ya gurudumu lake na vifuniko vikafunguliwa, mbele huanguka, na springi iliyobanwa yaweza kurusha kifuniko usoni mwa fundi. Oili ikisha kumwagwa, mguu usukwe taratibu mara kadhaa ili masalia yatoke. Oili iliyotoka ikiwa ya kijivu yenye kung'aa, huo ni unga wa chuma na aluminiamu, na ni dalili kwamba ilikaa mno. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia.

Vitabu vingi huagiza kubadilisha kila baada ya kilomita 10,000 hadi 20,000. Kwa barabara zetu za vumbi na tope, afadhali kufuata ile namba ndogo, au kila mwaka kabla ya msimu wa ununuzi.

Kuhusu kuvuja, oili nzito haizibi sili. Sili huharibiwa na tope lililokaukia juu ya bomba, au na vishimo vya kutu ambavyo huikata kila bomba linapopanda na kushuka. Sili mpya juu ya bomba lenye kutu haitamaliza mwezi. Mwenye pikipiki yenye breki ya diski aiondoe barabarani mara aonapo oili ikitiririka mguuni, kwa maana ikifika kwenye diski au pedi, breki ya mbele haitashika. Njia nyepesi ya kuzuia haya yote ni dereva kupangusa mabomba kwa kitambaa kila jioni, jambo ambalo halihitaji kikao cha Bodi.

Mwisho, hati. Pikipiki nyingi ndogo hutumia chini ya robo lita kwa kila mguu, hivyo chupa moja ya lita hutosha pikipiki mbili. Hati inayoonyesha lita mbili kwa pikipiki moja itaulizwa. Katibu aandike katika daftari la matengenezo jina la oili, mnato wake, kiasi kwa kila mguu, na kilomita zilizosomeka siku hiyo, ili fundi wa mwakani, ambaye huenda akawa mwingine, ajue alichokikuta. Mfano wa maandishi hayo ni huu: "Oili ya shokapu, ISO VG 32, chupa 1 ya lita 1. Imetumika ml 300, yaani ml 150 kila mguu. Kilomita 14,260. Imebaki ml 700, imefungwa na kurudishwa stoo. Oili chafu imewekwa katika dumu la oili chakavu."